Mark Henry: Nguvu za Kweli Katika Ulingo wa Ushindi wa Kupangwa

Katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, Mark Henry wa Marekani alishika nafasi ya 10 kwenye unyanyuaji uzito. Miaka minne baadaye, Atlanta, akashuka hadi ya 14. Yale mashindano ya televisheni yanayomtafuta kila mwaka mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani hakuwahi kuyashinda, maana hakuwahi hata kuyaingia. Kisha akajiunga na mieleka ya kulipwa, ambako mshindi huamuliwa kabla kengele haijagongwa, na huko nako zikapita miaka 15 kabla hajavishwa ule mkanda mkubwa wa uzito wa juu.

Ukiusoma wasifu huo harakaharaka utadhani ni wa mtu aliyepambwa kwa sifa asizostahili. Lakini watangazaji wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya kulipwa ya Marekani, walimtambulisha kwa miaka mingi kama mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, na watu wanaoijua historia ya vyuma, ambao kwa kawaida hawana subira na majigambo ya mieleka, hawakupinga sana. Wengi walisema kwamba kwa huyu mmoja jina halikuwa mbali na ukweli. Imekuwaje?

Jambo hili linachanganya kwa sababu tumezoea kuchukulia nguvu, ufundi na ushindi kama kitu kimoja. Maisha ya Henry yanaonyesha kuwa ni vitu tofauti kabisa. Nguvu alizaliwa nazo. Ufundi ilibidi ausomee ukubwani, tena mara mbili, katika michezo miwili isiyofanana. Na ushindi wa mieleka haukuwa wake kuuchukua. Ilibidi apewe.

Mtoto wa Silsbee

Henry alizaliwa tarehe 12 Juni 1971 huko Silsbee, mji mdogo wa mashariki mwa Texas, katika ukoo wa watu wenye maumbo makubwa. Alipokuwa na miaka 10 hivi tayari alikuwa na zaidi ya kilo 100, na mama yake ndiye aliyemnunulia vyuma vya kwanza. Baba yake alifariki kwa matatizo ya kisukari Mark akiwa na miaka 12 tu. Mama akabaki na watoto, na kijana akabaki na vyuma vyake.

Texas ina utaratibu ambao ulimfaa sana: shule za sekondari hushindana katika kunyanyua vyuma kama zinavyoshindana katika mpira. Mwaka wake wa kwanza sekondari Henry alichuchumaa na kusimama na kilo zipatazo 270 mabegani. Huo ni uzito ambao wanaume wengi wazima, waliozoea kupiga tizi kwa miaka kumi, hawatauona kamwe. Alitwaa ubingwa wa jimbo mara tatu, na kabla hajamaliza shule magazeti yalikuwa yameanza kumwandika kama kijana mwenye nguvu kuliko wote duniani.

Mwaka 1990 alionwa na Terry Todd, na hapo njia yake ikageuka. Todd alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, naye mwenyewe bingwa wa zamani wa kunyanyua vyuma. Mkewe, Jan Todd, aliwahi kuhesabiwa kuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko wote duniani, na kwa pamoja walijenga mojawapo ya hazina kubwa za maandishi kuhusu historia ya nguvu za mwili. Kwa hiyo aliyemtazama kijana huyu alikuwa na karne nzima ya wanaume wenye nguvu kichwani, na alipomlinganisha nao aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Akamshawishi ahamie Austin na ajifunze mchezo mpya kabisa.

Michezo mitatu inayofanana kwa macho tu

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa hiyo tuende polepole.

Mchezo aliokulia Henry ni pawalifti. Una vitendo vitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani na kusimama nacho, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, na kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima. Vyote vitatu huenda taratibu. Chuma hakisafiri mbali. Kinachopimwa kwa karibu kabisa ni msuli: mgongo, mapaja na kifua vinaweza kuhimili kilo ngapi?

Mchezo wa Olimpiki ni mwingine. Una vitendo viwili. Cha kwanza ni kukinyakua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, mikono ikiwa imenyooka. Cha pili, cha hatua mbili, ni kukipandisha kwanza hadi mabegani, kutulia, kisha kukirusha juu. Nguvu peke yake haitoshi, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuuvuta uzito mkubwa namna hiyo hadi juu ya kichwa akiwa amesimama. Mnyanyuaji hukipa chuma kasi ya kupanda hadi usawa wa kiuno au kifua, kisha, kabla hakijaanza kushuka, yeye ndiye anayezama chini yake. Mvuto wenyewe huisha kwa muda usiofika sekunde moja. Vifundo vya miguu, nyonga, mabega na viwiko lazima vikunjike na kunyooka bila kusita. Ukichelewa kidogo, au bega likiwa gumu kidogo, chuma kinakwenda mbele na jaribio limeharibika, hata kama una nguvu za ng'ombe wa jembe.

Warusi, Wabulgaria na Wajerumani waliotawala mchezo huo walianza kufundishwa utotoni, wakaurudia mwendo uleule mara maelfu kwa maelfu hadi mwili ukakariri. Henry alianza akiwa na miaka 19, na mapaja yaliyokwisha jengeka kwa mchezo mwingine. Mwaka uliofuata mwanzo huo wa Austin alikuwa tayari akishindana na wakubwa wa Marekani, na mwaka 1992 akaenda Barcelona.

Ukizingatia hayo, nafasi ya 10 inabadilika sura. Mimi naiona kuwa mojawapo ya matokeo ya kushangaza zaidi katika maisha yake yote. Mtu aliyeushika ufundi huo kwa muda mfupi hivyo alisimama mbele ya mabingwa waliolelewa nao, akawashinda baadhi yao kwa sababu moja tu, kwamba nguvu zake zilifidia sehemu kubwa ya alichokosa.

Zilifidia, lakini hazikuziba pengo lote. Kiwango chake bora kabisa kwenye mashindano kilikuwa kilo 180 za kunyakua na 220 za hatua mbili, jumla 400. Huko Atlanta, Andrey Chemerkin wa Urusi alishinda dhahabu kwa jumla ya kilo 457.5, akiwa amerusha juu ya kichwa kilo 260, rekodi mpya ya dunia wakati huo. Tofauti ya kilo 57.5 katika mchezo huu ni bahari nzima. Na hapo Atlanta Henry hakufika hata kwenye kiwango chake mwenyewe: akiwa nahodha wa timu ya wanyanyuaji na mwanamichezo mzito kuliko wote waliofika Olimpiki hiyo, akiwa na takriban kilo 188, aliumia mgongo na kuyaacha majaribio yake mawili ya mwisho. Nafasi ya 14 ilitokana na mgongo huo.

Sasa geuza upande wa pili. Katikati ya Olimpiki hizo mbili, mwaka 1995, Henry alirudi kwa muda kwenye pawalifti. Aliinua kutoka sakafuni kilo 410. Alichuchumaa na kusimama na zaidi ya kilo 430. Jumla ya vitendo vitatu ilipita tani moja. Wanyanyuaji wengi wa daraja lake wakati huo walivaa suti ngumu inayobana nyonga na mapaja, ambayo mtu akichuchumaa huvutika kama mpira na kumrusha juu, ikimwongezea makumi ya kilo. Yeye hakuivaa. Tena mashindano hayo yalikuwa ya mashirikisho yanayopima dawa za kuongeza nguvu, jambo ambalo amelisemea kwa fahari maisha yake yote.

Mwaka huohuo, kwenye Michezo ya Pan American huko Mar del Plata, Argentina, alichukua medali tatu katika mtindo wa Olimpiki: dhahabu ya kunyakua, fedha ya jumla, na shaba ya hatua mbili. Mtu mmoja, mwaka mmoja, michezo miwili inayodai miili miwili tofauti. Amekuwa bingwa wa taifa wa Marekani katika yote miwili. Hilo ndilo lililowafanya wajuzi wamheshimu, maana bingwa wa kimoja kwa kawaida huaibika akijaribu kingine.

Njia iliyokwisha kanyagwa

Wenye mieleka wamekuwa wakiwawinda wanyanyua vyuma tangu zamani. Doug Hepburn wa Kanada, bingwa wa dunia wa 1953, alipita ulingoni. Paul Anderson, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Melbourne mwaka 1956, naye pia. Harold Sakata alipata medali ya fedha London mwaka 1948, akawa mpiga mieleka, kisha mwigizaji wa filamu. Ken Patera alishiriki Olimpiki ya 1972 na baadaye akawa jina kubwa kwenye mieleka. Bill Kazmaier, aliyetwaa mara tatu lile taji la televisheni, alijaribu pia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sababu ni rahisi kuielewa. Mieleka ya kulipwa ni mchezo wa kuigiza unaotaka kuaminiwa. Mtazamaji anajua, au anashuku, kwamba mshindi amepangwa, hivyo kila kitu cha kweli kinachoweza kuingizwa ulingoni ni dhahabu. Mwili wa kweli na medali ya kweli humpa mtazamaji kisingizio cha kuamini.

Tatizo ni kwamba wenye mieleka wenyewe walikuwa wameichafua bidhaa hiyo. Januari 1988, kwenye onyesho la kwanza la Royal Rumble huko Hamilton, Kanada, mpiga mieleka Dino Bravo alitangazwa kwamba anajaribu kuvunja rekodi ya dunia ya kusukuma chuma akiwa amelala benchi, paundi 715, yaani kama kilo 324. Ted Arcidi, mnyanyuaji wa kweli ambaye naye aliwahi kupita katika kampuni hiyohiyo, ndiye aliyekuwa ameweka rekodi ya kweli ya paundi 705. Bravo alipokwama, mtangazaji Jesse Ventura aliyesimama nyuma yake akamsaidia kukiinua chuma huku akikana. Kwa mtazamaji wa mieleka likawa tukio la hila za adui. Kwa mtu wa vyuma lilikuwa matusi. Ndiyo maana Henry alipotambulishwa kama mwenye nguvu kuliko wote, nusu ya ukumbi ilikuwa na haki ya kudhani ni Bravo mwingine.

Mkataba wa miaka kumi

Kabla ya Atlanta, Vince McMahon, mmiliki wa WWE, iliyoitwa wakati huo WWF, alimpa Henry mkataba wa miaka kumi. Machi 1996 alionekana kwenye Raw, onyesho la kampuni hiyo la kila wiki, akimnyanyua mpiga mieleka Jerry Lawler juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Septemba mwaka huo, baada ya Olimpiki, akacheza pambano lake la kwanza la kulipwa huko Philadelphia, na akamshinda Lawler huyohuyo.

Mkataba huo ulikuwa baraka na mzigo kwa pamoja. Wapiga mieleka wengi hupanda ngazi kwa kulala kwenye magari, kucheza kwenye kumbi za shule mbele ya watu hamsini, na kulipwa senti. Ghafla anaingia kijana wa miaka 25 ambaye hajawahi kupigana hata mara moja, akiwa na uhakika wa mshahara kwa muongo mzima. Henry amesimulia hadharani kwamba chumba cha kubadilishia nguo hakikumpokea kwa mikono miwili. Alifanyiwa vitimbi, vingine vichafu mno, vya kuchafua hata chakula chake. Kijana Mweusi kutoka mji mdogo wa Texas, mgeni wa kazi, mwenye mkataba ambao wakongwe waliutamani: haihitaji kuelezwa zaidi kwa nini miaka hiyo ilikuwa migumu.

Na kazi yenyewe hakuijua. Alipelekwa Calgary, Kanada, kufundishwa na mkongwe Leo Burke. Watu wanaposikia kwamba mieleka hupangwa, hudhani basi ni rahisi, na hilo ni kosa kubwa. Kinachopangwa ni nani atashinda, na pengine namna pambano litakavyoisha. Katikati yake kuna dakika kumi au ishirini ambazo watu wawili wanapaswa kuzijaza mbele ya maelfu, kwa kusikilizana na kusoma kelele za ukumbi, huku kila mmoja akiukabidhi mwili wake kwa mwenzake. Unapomnyanyua mtu na kumbwaga, wajibu wako wa kwanza ni kuhakikisha anaanguka kwa mgongo ulio bapa, kidevu kimefichwa, asivunjike shingo. Mbinu ya kumalizia ya Henry, ya kumkumbatia mtu, kumgeuza na kuanguka naye kifudifudi, ingeweza kumponda mtu mbavu kwa uzito wa kilo 180. Ilibidi ajifunze kuonekana anaponda huku akijizuia.

Hilo ni kinyume kabisa cha yote aliyofundishwa. Mnyanyua vyuma hutafuta kutoa nguvu zake zote kwa wakati mmoja, mara chache, kisha apumzike. Mpiga mieleka huficha nguvu zake na kuzigawa kidogokidogo, usiku baada ya usiku, zaidi ya usiku mia moja kwa mwaka. Pumzi za Henry hazikujengwa kwa hilo, na wala viungo vyake. Miaka ya mwanzo aliumia mara kwa mara.

Mwaka 1998 aliwekwa kwenye Nation of Domination, kundi la wapiga mieleka lililokuwa na The Rock, Faarooq na D'Lo Brown, na hapo angalau alipata watu wa kujifunza kwao. Kisha waandishi wa onyesho wakambadilisha kuwa kichekesho: mpenda wanawake aliyeitwa "Sexual Chocolate", ambaye hadithi yake iliishia kwenye mapenzi na Mae Young, bibi mkongwe wa mieleka aliyekuwa amepita miaka 70. Mwaka 2000 onyesho likamwonyesha bibi huyo akijifungua mkono wa mpira.

Mimi sioni cha kuchekesha hapo. Kampuni ilikuwa na mtu ambaye rekodi zake zingeweza kuwanyamazisha wote wanaosema mieleka ni uongo, ikamtumia kwa mzaha. Ninachomheshimu Henry ni kwamba aliicheza nafasi hiyo kwa moyo wote, na mashabiki wakampenda kwa hilo. Ulikuwa mwanzo wa ufundi wake wa pili. Alijifunza kuongea, kungojea kicheko, na kuushika ukumbi bila kunyanyua chochote.

Magurudumu ya Apollon

Mwaka huohuo wa 2000 kampuni ilimrudisha chini, kwenye kituo cha mafunzo cha Ohio Valley Wrestling huko Kentucky, apunguze uzito na kunoa mchezo wake. Akiwa katika kipindi hicho mama yake, yule aliyemnunulia vyuma vya kwanza, alifariki. Henry akarudi kwenye vyuma.

Februari 2002, mjini Columbus, Ohio, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Arnold Strongman Classic, chini ya jina la Arnold Schwarzenegger. Huu ndio mchezo wa tatu: kubeba, kusukuma na kuinua vitu visivyo na umbo la kawaida. Walioalikwa walikuwa mabingwa wa pawalifti pamoja na wababe waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo. Henry alikuwa mpiga mieleka aliyeacha mashindano miaka kadhaa na kujiandaa kwa miezi michache tu.

Kitendo kimoja kilihitaji nakala ya magurudumu ya Apollon. Apollon lilikuwa jina la jukwaani la Louis Uni, Mfaransa wa karne ya 19 aliyeonyesha nguvu zake kwa ekseli ya kigari cha reli yenye magurudumu yake mawili. Uzito wake ni kama kilo 166, ambao kwa mnyanyuaji mkubwa si kitu. Shida iko kwenye ekseli: ina unene wa karibu sentimita tano, vidole haviwezi kuizunguka na kufungana, na haizunguki kirahisi mikononi kama chuma cha Olimpiki. Kila unapojaribu kuigeuza ifike mabegani, inakuponyoka. Kwa miongo mingi historia iliwatambua watu watatu tu waliofaulu kuipeleka ile ya asili juu ya kichwa: Charles Rigoulot mwaka 1930, John Davis mwaka 1949 na Norbert Schemansky mwaka 1954. Wote walikuwa mabingwa wa Olimpiki.

Henry aliipeleka nakala hiyo juu mara tatu mfululizo, akashinda mashindano yote, akaondoka na gari aina ya Hummer.

Ni haki kusema kwamba Terry Todd, mlezi wake, alikuwa miongoni mwa waandaaji. Wapo waliolitaja hilo. Lakini kila mshindani alikuta ekseli ileile na kilo zilezile, na wengi wao walikuwa wakifanya mazoezi ya vitu kama hivyo kila wiki. Kwangu mimi siku zile mbili za Columbus ndizo ushahidi mkubwa kuliko wote, maana hapo ndipo michezo yake miwili ya ujana ilipokutana: mgongo wa pawalifti, na mwendo wa kasi wa Olimpiki uliomruhusu kuigeuza ekseli ile ngumu kabla haijamponyoka. Bila ile miaka ya kushika nafasi ya 10 na ya 14 asingeweza.

Je, leo bado ndiye? Kwa namba, hapana. Eddie Hall aliinua kilo 500 kutoka sakafuni mwaka 2016 na Hafþór Björnsson 501 mwaka 2020, ingawa kwa kamba za mikononi na suti, vitu ambavyo sheria za mashindano yao ziliruhusu. Ray Williams alichuchumaa na kilo 490 mwaka 2019, bila suti, katika shirikisho linalopima dawa. Rekodi za Henry zimepitwa, kama rekodi zote zinavyopaswa kupitwa. Ambacho sijaona mtu mwingine akikifanya ni kufika juu katika michezo yote mitatu.

Mwaka ambao hadithi ilimfuata mtu

Alirudi WWE akiwa na uzito mpya wa heshima, lakini bado alikuwa chombo cha kuwainua wengine. Mwaka 2006 alitolewa kafara kwa The Undertaker kwenye WrestleMania 22, onyesho kubwa la mwaka la kampuni, karibu na Chicago. Mwaka huohuo akaumia goti vibaya na kukaa nje hadi mwaka uliofuata. Mwaka 2008 alipewa mkanda wa ECW, ambao kwa wakati huo ulikuwa wa daraja la tatu katika kampuni. Ilionekana ndio mwisho wa ngazi.

Kisha ukaja 2011. Henry alikuwa na miaka 40. Waandishi waliacha kumtungia vichekesho na kumwacha awe kile ambacho mwili wake ulikuwa ukisema tangu mwanzo: mtu wa kuogopwa. Hakuwa steringi, alikuwa adui, lakini adui mwenye sababu. Maneno yake ulingoni yalikuwa ya mtu aliyedharauliwa kwa miaka 15 na kuchoka. Kila aliyemuumiza alisema amemwingiza kwenye "Jumba la Maumivu". Aliwaondoa Big Show na Kane mmoja baada ya mwingine, na tarehe 18 Septemba 2011, mjini Buffalo, akamshinda Randy Orton na kuvaa mkanda wa World Heavyweight.

Rudi sasa kwenye ule mkanganyiko wa mwanzo. Ikiwa ushindi hupangwa, mkanda huo una thamani gani? Una thamani ya imani. Kampuni inapompa mtu mkanda mkuu inamkabidhi biashara: yeye ndiye atakayetajwa kwenye matangazo, yeye ndiye ambaye watu watalipa kumwona akishinda au, kwa adui, akishindwa. Miaka 15 hawakumwamini hivyo. Walipomwamini, mashabiki waliokuwa wakimzomea kwa uchovu walianza kumzomea kwa hofu, na hiyo ni kelele nyingine kabisa.

Mwezi mmoja baadaye, huko San Antonio, katika jimbo lake mwenyewe, Henry na Big Show walipanda kwenye kona ya ulingo. Henry akamvuta mwenzake kutoka juu, wakaanguka pamoja, na ulingo mzima ukaporomoka chini yao. Ulingo ulikuwa umetayarishwa uvunjike. Lakini wanaume wawili, kila mmoja akiwa na kilo zinazokaribia 200, walianguka kweli kutoka juu kwenye mbao zinazovunjika, na hakuna maandalizi yanayoifanya hiyo kuwa nyepesi kwa mgongo wa mtu aliyeuumiza Atlanta. Alipoteza mkanda Desemba mwaka huohuo akiwa tayari na majeraha.

Usiku wa koti la waridi

Sehemu niipendayo zaidi ilitokea tarehe 17 Juni 2013, Grand Rapids, Michigan. Henry aliingia akiwa amevaa koti la rangi ya samaki aina ya samoni, viatu vyake mkononi, desturi ya wapiga mieleka wanaostaafu. John Cena, bingwa wa wakati huo, akampisha. Henry akaongea juu ya mkewe na watoto wake, juu ya miaka aliyowakosa, akalia. Ukumbi ukalia naye na kumshukuru kwa sauti moja. Cena akamkumbatia. Henry akamnyanyua na kumbwaga chini, akatangaza kwamba anautaka mkanda wake.

Hila hiyo ilifaulu kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kweli. Umri ulikuwa wa kweli, majeraha ya kweli, familia ya kweli, na kila aliyekuwa akifuatilia alijua kustaafu kwake kuko karibu. Mtu aliyeanza kazi hii bila kujua hata kuanguka sasa aliweza kuwashika maelfu kwa maneno na machozi tu, mikono yake ikiwa imeshika viatu. Yule kijana wa 1996 aliyemnyanyua Lawler asingeweza kufanya hivyo kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Pambano la Julai dhidi ya Cena alishindwa, kama ilivyopangwa. Mwaka 2018 aliingizwa kwenye Hall of Fame ya WWE, na aliyemkaribisha jukwaani alikuwa Big Show, yule aliyeporomoka naye. Terry Todd alifariki Julai mwaka huohuo. Kuanzia 2021 hadi 2024 Henry alifanya kazi katika kampuni pinzani ya AEW, zaidi kwenye kipaza sauti.

Lakini kazi aliyoifanya bila kelele ni ya kutafuta watu. Alimwona Adam Scherr, mbabe aliyetoka kwenye mashindano ya kubeba na kuvuta vitu vizito, akamfungulia njia. Mashabiki wanamjua kwa jina la Braun Strowman, na mwaka 2020 alikuwa bingwa wa Universal, mmoja wa mikanda mikuu ya WWE. Alimwona pia binti aliyewahi kukimbia mbio za viunzi katika Chuo Kikuu cha Tennessee na kisha kugeukia mashindano ya krosifiti, akamwandikia na kumtafutia majaribio. Huyo ni Bianca Belair, aliyesainiwa mwaka 2016 na kutwaa mkanda wa wanawake wa SmackDown, onyesho jingine la WWE la kila wiki, kwenye WrestleMania mwaka 2021. Yeye alitumia miaka mitano kuupata mkanda wake wa kwanza.